Kusubiri kusikoisha kunavyoudhoofisha mwili Kaskazini Mashariki

YANAPOTAJWA maradhi ya Kaskazini Mashariki mwa Kenya, orodha huwa ni ile ile: utapiamlo, kipindupindu, kala-azar, matatizo ya uzazi na majeraha ya risasi. Ni orodha ya kweli, na hakuna anayeifahamu Garissa, Wajir au Mandera atakayeipinga. Hata hivyo, ipo hali nyingine ambayo haimo katika orodha hiyo kwa sababu haina kijidudu kinachoonekana kwa hadubini, wala haimlazi mtu kitandani kwa siku moja. Ni hali ya mwili kukaa chonjo mwezi baada ya mwezi, ukingojea jambo ambalo huenda likatokea na huenda lisitokee.

Wanasayansi wameifahamu njia ya hali hiyo mwilini kwa miaka mingi. Mtu anapotishika, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa amri mbili. Ya kwanza hupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, na katika muda wa sekunde chache tezi hizo humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, mdomo hukauka, na damu huondolewa tumboni ikapelekwa kwenye misuli ya miguu na mikono. Amri ya pili huenda polepole zaidi, kwa njia ya damu: haipothalamasi huiarifu tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, nayo pituitari huziamuru adrenali zitoe homoni ya kotisoli.

Kotisoli hufanya kazi kama mtunza ghala wakati wa vita. Hufungua akiba ya sukari iliyo ndani ya ini, huongeza shinikizo la damu, hupunguza makali ya kinga ya mwili, na kuahirisha shughuli zinazoweza kungoja, kama vile kukua, kushika mimba na kukarabati tishu zilizochakaa. Hatari ikishapita, homoni hiyo hiyo hurudi kuuarifu ubongo kwamba imetosha, na mwili hutulia.

Mpango huu umemfaa mfugaji tangu jadi. Simba anapoliingia zizi usiku wa manane, mwenye mifugo huhitaji nguvu zote alizonazo, na huzihitaji papo hapo. Baada ya saa moja simba ameua au amefukuzwa, sukari iliyotolewa na ini imeteketezwa na mbio, na watu wamerudi kulala. Tatizo huanza pale ambapo simba haji wala haondoki.

Ya kwamba mwili huumizwa zaidi na shaka kuliko na hasara yenyewe si dhana ya wanafalsafa tu. Mwaka wa 2016 watafiti wa London walichapisha matokeo ya jaribio ambapo washiriki waligeuza mawe katika mchezo wa kompyuta, na kila walipomkuta nyoka chini ya jiwe walipigwa shoti ndogo ya umeme mkononi. Waliokuwa na hakika kwamba watapigwa shoti walitulia kuliko waliokuwa na uwezekano wa nusu kwa nusu. Jasho la ngozi na upana wa mboni za macho vilipanda kadiri shaka ilivyozidi. Kwa maneno mengine, mtu aliyekwisha kujua kwamba atachapwa huwa mtulivu kuliko asiyejua.

Mtu akiyatazama maisha ya Kaskazini Mashariki kwa jicho hilo, huanza kuona kwamba karibu kila nguzo ya maisha hayo imesimama juu ya shaka.

Nguzo ya kwanza ni mvua. Wafugaji wa Kisomali hutegemea misimu miwili: gu, inayoanza Machi, na deyr, inayoanza Oktoba. Kuanzia mwishoni mwa mwaka wa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ilikuwa duni, jambo ambalo halikuwa limeshuhudiwa kwa miongo kadhaa, na Kenya ikapoteza zaidi ya mifugo milioni mbili. Kisha, katika deyr ya mwaka wa 2023, mvua ya El Nino ilikuja kwa kishindo, Mto Tana ukafurika na barabara ya Garissa ikakatika pale Madogo. Waliokuwa wamebakiwa na mbuzi wachache waliwaona wakisombwa na maji waliyokuwa wakiyaomba kwa miaka mitatu.

Msimu mmoja ukipotea, mfugaji huwa bado ana la kufanya: kuuza beberu, kuhamisha ngamia, kutuma vijana kufanya sahan, yaani upelelezi wa malisho. Mateso makubwa huwa katika wiki za kutazama mawingu, anapolazimika kuamua kama auze mnyama sasa kwa bei ya kutupa au angoje. Uchunguzi uliofanywa miongoni mwa wakulima maskini nchini Kenya na kutolewa mwaka wa 2013 ulipima kotisoli katika mate yao na kuilinganisha na viwango vya mvua. Mvua ilipopungua, kotisoli ilipanda, na ilipanda zaidi kwa wale ambao hawakuwa na riziki nyingine isipokuwa shamba. Hao walikuwa wakulima, si wafugaji. Lakini mtu anayetegemea mbuzi peke yake mjini Modogashe hana sababu ya kuwa na damu tofauti na ya mtu anayetegemea mahindi peke yake.

Nguzo ya pili ni barabara. Mnamo Novemba 22, 2014, basi lililokuwa likitoka Mandera kuelekea Nairobi lilisimamishwa na wanamgambo wa Al-Shabaab, na abiria 28 wakauawa, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakienda likizo. Siku kumi baadaye wachimba mawe 36 waliuawa Koromey, nje kidogo ya mji wa Mandera. Alfajiri ya Aprili 2, 2015 ikawa zamu ya Chuo Kikuu cha Garissa, ambako watu 148 waliangamia, karibu wote wakiwa wanafunzi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawaondoa walimu wengi wasio wenyeji.

Takwimu hizo huandikwa kila mwaka katika kumbukumbu. Yasiyoandikwa ni siku zilizo katikati. Dereva wa basi la Mandera ambaye hajawahi kushambuliwa amekwisha kuipita sehemu hatari mara mamia, na kila mara amelazimika kujiuliza iwapo kijiti kilicholala barabarani kimeangushwa na upepo au kimewekwa na mtu. Huyo hahesabiwi kuwa mwathiriwa. Mwili wake, hata hivyo, umemwaga adrenalini mara mamia pasipo kukimbia hatua moja, kwani amekaa kwenye usukani.

Wala hofu ya barabara haikuanza na Al-Shabaab. Wazee wa eneo hili waliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu vita vya Shifta vya miaka ya sitini hadi zilipofutwa mwaka wa 1991. Waliyaona ya Bulla Karatasi mjini Garissa mwaka wa 1980 na ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, Februari 1984, ambako serikali ilishikilia kwamba waliokufa walikuwa 57 ilhali Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka wa 2013, iliamini kuwa waliangamia karibu 1,000. Kwa mzee wa aina hiyo, mngurumo wa lori la askari huanza kusikika tumboni kabla ya kufika masikioni.

Nguzo ya tatu ni Dadaab, na hapa ndipo lugha yenyewe imeitangulia hospitali. Katika kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilizoanzishwa mwaka wa 1991 na mwaka uliofuata kwa ajili ya watu 90,000 na ambazo wakati wa njaa ya 2011 zilikuwa na zaidi ya watu 400,000, Wasomali walizoea kutumia neno buufis. Linatokana na kitenzi chenye maana ya kujaza hewa. Mwenye buufis ni mtu aliyejaa hamu ya kuhamishiwa ng'ambo kiasi cha kutoweza kuishi pale alipo: mwili uko Hagadera, moyo umefika Minneapolis. Wakazi wa kambi hulitumia kwa hamu yenyewe, na pia kwa maradhi yanayofuata hamu hiyo inapokwama: kukosa usingizi, kuumwa na kichwa, moyo kudunda, kujitenga na watu.

Mtu angetaka kutengeneza mtambo wa kuwatia watu wasiwasi, asingeweza kubuni uliotimia kuliko huu. Mkimbizi huhojiwa, hupimwa afya, huhojiwa tena, kisha hungoja miaka. Januari 2017, Rais Donald Trump wa Marekani alipotia saini amri ya kuzuia wasafiri wa mataifa kadhaa, Somalia ikiwemo, wakimbizi wapatao 140 waliokuwa wamekwisha kufika Nairobi wakingojea ndege walirudishwa Dadaab. Januari 2025 mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa tena, na Juni mwaka huo Somalia ikawekwa katika orodha mpya ya mataifa yaliyofungiwa mlango. Upande wa Kenya nao, serikali ilitangaza nia ya kuifunga Dadaab mwaka wa 2015, ikatangaza tena mwaka wa 2016, Mahakama Kuu ikaubatilisha uamuzi huo Februari 2017, kisha tangazo jingine likatolewa Machi 2021. Kambi haikufungwa. Kila tangazo, lakini, lilikuwa jiwe jingine lililogeuzwa na watu wasiojua kama chini yake kuna nyoka.

Wenyeji wenyewe hawakusalimika. Kwa miongo mingi kijana wa Kisomali aliyetafuta kitambulisho alipitishwa kwenye kamati za ukaguzi ambazo kijana wa Nyeri au Kisii hakuzijua, hadi Rais William Ruto alipotangaza akiwa Wajir Februari 2025 kwamba utaratibu huo umeondolewa. Wengine, ambao wazazi wao waliwaandikisha kambini wakati wa njaa ili wapate mgao wa chakula, walikua na kugundua kwamba serikali inawatambua kama wakimbizi katika nchi waliyozaliwa.

Je, mambo haya yote huufanya nini mwili? Jibu lilianza kuonekana mwaka wa 1936, Hans Selye alipokuwa akifanya utafiti mjini Montreal, Canada. Panya aliowatesa kwa namna mbalimbali, iwe kwa baridi, kazi nyingi au sumu kidogo, walipatwa na mambo yale yale: adrenali zilizovimba, tezi za kinga zilizonywea na vidonda vya tumbo. Tangu hapo picha imejaa. Kotisoli inayokaa juu muda mrefu huziweka sukari na mafuta katika mzunguko wa damu bila kazi, na mafuta hayo huishia kiunoni na kwenye kuta za mishipa. Insulini huanza kupuuzwa na seli, na njia ya kisukari hufunguka. Mishipa inayosukumwa kwa nguvu kila siku hukakamaa, na shinikizo la damu lililokuwa la dharura huwa la kudumu.

Hapa kuna jambo linalowahusu hasa watu wa eneo hili. Mchungaji anayetembea kilomita nyingi kwa siku akifuata ngamia huichoma sukari ambayo hofu imeitoa. Mifugo ikishakufa, yeye na jamaa zake huhamia katika bulla pembezoni mwa mji, wakaketi. Hofu huwa ni ile ile au huzidi, lakini miguu imetulia, maziwa yamegeuka chai yenye sukari nyingi, na nyama imegeuka mchele na ngano ya msaada. Homoni huendelea kutoa mafuta kwa ajili ya safari ambayo haipo.

Kinga nayo hulegea. Mwaka wa 1991 watafiti waliwatilia watu wapatao 400 wa kujitolea nchini Uingereza virusi vya mafua puani. Kadiri mtu alivyokuwa na msongo mwingi maishani, ndivyo alivyoelekea zaidi kuambukizwa. Miaka minne baadaye, uchunguzi wa Marekani ulionyesha kwamba vidonda vidogo vya wanawake waliokuwa wakiwauguza jamaa waliopotewa na akili vilichelewa kupona kwa siku tisa, vikilinganishwa na vya wanawake wengine wa umri wao. Katika eneo ambako kifua kikuu hakijaisha na kipindupindu hurudi kila baada ya mafuriko, kinga iliyolegea si jambo dogo. Kwa mama mjamzito, kondo la nyuma huizuia sehemu kubwa ya kotisoli isimfikie mtoto, lakini si yote, na msongo wa muda mrefu huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzani mdogo.

Lingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba kila aliyepatwa na msiba ana kotisoli nyingi. Kwa baadhi ya watu waliopatwa na kiwewe, watafiti wamekuta homoni hiyo ikiwa chini kuliko kawaida, huku adrenalini na jamaa zake zikiwa juu: king'ora kinalia na mzimaji amechoka. Manusura wa Garissa anayeruka anaposikia mlango ukibamizwa, mchungaji asiyelala kwa sababu ya mawingu na kijana mwenye buufis hawana ugonjwa mmoja, na dawa ya mmoja huenda isimfae mwingine. Hili huwaponyoka wanaotoa mhadhara mmoja wa ushauri nasaha kwa umati mzima, kisha wakapanda ndege kurudi Nairobi.

Miraa nayo haiwezi kuachwa kando. Mabunda yake huingia Garissa kila siku, na wanaotafuna husema wanasahau. Kitu kilichomo ndani ya jani hilo, kathinoni, huuchochea mwili kwa njia iliyo karibu sana na ile ya adrenalini: moyo mbio, shinikizo juu, usingizi kutoweka. Mtu aliyekesha kwa wasiwasi huukimbia wasiwasi huo kwa kuuongezea mwili mzigo ule ule.

Ukubwa wa madhara haya katika eneo hili haujapimwa ipasavyo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulikuta kwamba karibu robo ya Wakenya watu wazima walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani. Mwaka wa 2020, jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga liliihimiza serikali itangaze afya ya akili kuwa janga la kitaifa. Madaktari wa akili nchini ni wachache, na wengi wao wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Lakini kuliweka jambo hili lote chini ya "afya ya akili" nako ni kulipunguza. Mwanamume wa Garissa ambaye hatakubali kamwe kupelekwa kwa daktari wa akili, kwa kuogopa kuitwa waali, yaani mwendawazimu, atakubali kufungwa kitambaa cha mashine ya presha mkononi.

Na ikiwa shaka ndiyo sumu, basi chochote kinachopunguza shaka kina sehemu ya dawa ndani yake. Ushahidi wa hili umepatikana karibu na nyumbani. Bima ya mifugo inayotumia picha za setilaiti kupima ukijani wa malisho ilianzishwa Marsabit mwaka wa 2010, na mwaka wa 2013 ikafika Wajir kwa mfumo wa takaful unaokubalika katika Uislamu. Watafiti waliowafuatilia wafugaji wa Borana kusini mwa Ethiopia, waliokuwa na bima ya aina hiyo, walikuta kwamba waliokatiwa bima waliyaona maisha yao kuwa bora hata katika misimu ambayo hawakulipwa chochote. Kilichowafaa ni kujua kwamba, mvua ikikosekana, kitakuwepo kitu.

Fedha taslimu huleta matokeo yenye utata zaidi. Katika jaribio maarufu lililofanywa Rarieda, magharibi mwa Kenya, familia maskini zilizopewa pesa bila masharti ziliripoti kupungua kwa msongo, lakini kotisoli yenyewe haikubadilika kwa wastani. Ilishuka kwa baadhi ya makundi tu. Ni onyo kwa wanaodhani kwamba noti chache za kila mwezi zitautuliza mwili uliozoea hofu kwa miaka thelathini.

Kinga nyingine haihitaji setilaiti. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba mtu anayekabili tishio akiwa na mwenzake anayemwamini hutoa kotisoli kidogo kuliko aliye peke yake. Mapema katika miaka ya tisini, koo za Wajir zilipokuwa zikiuana, wanawake wa sokoni, marehemu Dekha Ibrahim Abdi akiwa miongoni mwao, walikubaliana kuuziana na kununua bila kuuliza ukoo. Kazi yao iliandikwa katika vitabu vya amani. Mwanamke aliyeacha kutetemeka alipokuwa akipita mbele ya kibanda cha jirani yake alipata pia faida ya moyo na mishipa, ingawa hakuna aliyefika kumpima.

Upimaji sasa unawezekana. Tangu Septemba 2023 serikali imewagawia wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari, ili wapite nyumba kwa nyumba. Mjini Garissa, ambako nyumba zina mahali, kazi hiyo inatekelezeka. Kilichobaki ni kuamua ni mhudumu yupi atakayehesabiwa kuwa na nyumba ambayo leo iko Hulugho, na kabla ya gu itakuwa imepakiwa juu ya ngamia.